Jiwe jeusi la Uvinza: lilifaulu karibu kila kipimo na bado halikuwa kimondo

Mjomba alinipigia saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nane, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mjomba, uko Kigoma? Njoo Uvinza, kuna kitu kimedondoka." Nikamuuliza kitu gani, akashusha sauti kama vile kuna mtu kalala chumba cha pili, akasema mambo hayo hayaongelewi kwenye simu, halafu palepale kwenye simu akayaongea yote. Kijana anayefanya naye kazi ya chumvi kaokota jiwe jeusi katikati ya jaruba la kukaushia chumvi, zito kuliko ukubwa wake, sumaku inalishika, na kuna bwana mmoja yuko Dar ametumiwa picha akasema hicho ni kimondo, ni mzigo wa mamilioni, msimwonyeshe mtu.

Mimi ni mtu wa maabara, shule moja ya sekondari huku mjini, kazi yangu kupanga bika na kuhakikisha asidi haiishi kabla ya mtihani wa vitendo. Sio mwanajiolojia. Ila kwenye ukoo wetu mtu yeyote aliyewahi kushika mizani anaitwa profesa, basi Jumamosi profesa akapanda Hiace akaenda.

Kwa asiyeijua Uvinza, pale chumvi sio ya bahari. Ni chemchemi zinazotoa maji ya chumvi kutoka ardhini, karibu na mto Ruchugi kabla haujaingia Malagarasi. Watu wamechemsha chumvi pale tangu enzi na enzi, wataalamu wa mambo ya kale walichimba miaka ya 1960 wakakuta majiko na vyungu vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Mjerumani naye alipokuja akajenga kiwanda akapaita Gottorp, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilipita palepale. Haya nayataja mapema maana ndio ufunguo wa kisa chote, ila mimi siku ile nilikuwa nayajua na sikuyatumia. Nilifika na sumaku mfukoni kichwa kikiwa kimejaa majangwa ya watu wengine.

Jiwe lilikuwa limefungwa kwenye kanga, chini ya kitanda cha kijana. Ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga hivi, jeusi lenye kung'aa kidogo, upande mmoja umebonyea kama mtu kaminya udongo kwa kidole gumba, na lote limepakwa chumvi nyeupe iliyoganda. Nikiri tu, moyo ulinidunda. Ile mibonyeo ndiyo inayoonekana kwenye picha za vimondo, hewa inalichonga jiwe likiwa linashuka kwa kasi. Na kijana alikuwa na hadithi kamili: wiki mbili kabla ya hapo, saa mbili usiku, yeye na wenzake watatu waliona moto wa kijani umepita angani kuelekea upande wa Malagarasi ukapotea nyuma ya kilima. Halafu jiwe hili hapa, katikati ya jaruba, peupe pee, hakuna jiwe lingine karibu.

Sasa hapo ndipo penye mtego, ngoja nieleze kwa kirefu kidogo.

Watu wanaotafuta vimondo duniani wanapenda sehemu mbili tatu tu: barafu ya Antaktika, majangwa ya changarawe kama ya Oman na Sahara, na mabwawa ya chumvi yaliyokauka, zile mbuga nyeupe za Australia na Marekani. Sababu ni rahisi. Bwawa la chumvi linajengwa na tope laini linaloletwa na maji, maji yanatembea polepole, jiwe kubwa linabaki pembeni huko milimani halifiki katikati. Kwa hiyo ukiwa katikati ya mbuga ya chumvi, kilomita tano kutoka ukingoni, ukaona jiwe jeusi kama ngumi, swali la kwanza ni nani kalileta hapa, na kama hakuna mto, hakuna barabara, hakuna mtu anayeishi, jibu linabaki moja. Weupe unasaidia macho tu, jiwe la kutoka juu lina ngozi nyeusi iliyoungua, mara nyingi haifiki hata unene wa milimita moja, na juu ya chumvi unaliona kutoka mbali. Lakini kinachofanya kazi kwenye hoja ile ni "hakuna mtu", weupe ni msaada tu. Sisi wote pale Uvinza tulichukua weupe tukasahau kwamba tumesimama sehemu ambayo watu wamewasha moto zaidi ya miaka elfu.

Kijana akaniambia, "Lakini ticha, si tumeona likishuka?" Hili nililijibu vizuri angalau. Kimondo kinachong'aa unachokiona usiku kinazimika kikiwa bado juu sana, kilomita kama ishirini, thelathini angani, baada ya hapo jiwe linadondoka gizani kimyakimya kama jiwe lililorushwa tu. Kile kilima ulichoona moto umepotea nyuma yake kinaweza kuwa umbali wa dakika kumi kwa mguu, na moto wenyewe ulikuwa Kongo. Macho hayawezi kupima umbali wa kitu kinachong'aa gizani. Ndio maana kila kimondo kikipita, vijiji kumi vinasema kimeangukia nyuma ya shule yetu, na kila kijiji kinasema ukweli kama kilivyouona.

Na kuna jingine lililonisumbua toka dakika ya kwanza nikalimeza. Jiwe lilikuwa limekaa juu ya tope la chumvi, kama yai kwenye sahani. Mwaka 2015, tarehe 27 Novemba, kamera za watafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, ziliona kimondo kikishuka upande wa ziwa la chumvi la Kati Thanda, lile linaloitwa pia Lake Eyre. Wakapiga hesabu za njia yake, wakaenda, wakatafuta kwa ndege ndogo na droni na pikipiki za magurudumu manne wakisaidiwa na wenyeji Waarabana, wakalipata tarehe 31 Desemba, masaa tu kabla mvua haijafuta alama zote. Lilikuwa na uzito wa kilo 1.68 na ilibidi walichimbe, lilikuwa limezama sentimita 42 ndani ya tope. Likaitwa Murrili. Sasa la kwetu lilikuwa na uzito zaidi ya mara mbili, tope la jaruba wiki mbili nyuma lilikuwa bichi, na jiwe liko juu halina hata shimo. Nilimuuliza kijana kama kulikuwa na shimo, akasema hapana, lilikuwa limekaa tu. Nikajisemea labda tope lilikuwa limekauka. Ukishataka kitu kiwe kweli unakitafutia mawakili.

Dalali sasa, yule bwana wa Dar. Sijawahi kumwona, ni sauti nzuri tu kwenye simu, anaongea taratibu kama mtu wa benki. Alikuwa ametoa masharti matatu: msilioshe kwa sababu maji yanaua nguvu ya jiwe, msimwonyeshe mtu yeyote, na mtume laki tatu na nusu ya kutengenezea cheti cha maabara. Kijana alikuwa ameshatuma laki moja ya kufungulia faili, aliikopa kwenye kikoba cha mke wake. Na dalali ili kuwatia moyo akawatumia picha ya cheti cha mteja mwingine, karatasi yenye mhuri, imeandikwa chuma asilimia 97.4, nikeli 0.

Nikamwambia mjomba, hebu tazama. Vimondo vya chuma vina nikeli, hiyo ni kama chapa yao. Kile cha Mbozi, kile kikubwa cha tani 16 hivi ambacho Wanyiha walikijua vizazi na vizazi kabla mpima ardhi hajakiripoti mwaka 1930, kina chuma asilimia tisini na nikeli kama asilimia nane hivi. Chuma asilimia 97 bila nikeli kabisa ni chuma cha binadamu, ni nondo hiyo, ni springi ya lori. Yaani cheti cha kuthibitisha kimondo kilikuwa kinathibitisha sio kimondo, na mtu kakilipia. Mjomba akanyamaza, halafu akasema labda kile kilikuwa kibaya lakini chetu ni kizima.

Watu wa huku tuna historia na mambo haya, msitucheke. Mwaka 1916 Mjerumani alizidiwa na vita akatengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 palepale Tabora kwenye karakana ya reli, zina picha ya tembo, ni kweli kabisa na zinauzwa ghali hadi leo. Basi kutoka kwenye ukweli huo mmoja ukazaliwa uongo elfu: mali za Mjerumani zimefukiwa chini ya kila mwembe kandokando ya reli, rupia inayovuta mchele, zebaki nyekundu, na sasa hivi kimondo kinachozima tochi ya simu. Hata hili letu walikuwa wamelijaribu kwa tochi ya simu, ikazima. Simu ilikuwa na chaji asilimia nne.

Nikaanza vipimo jioni ile, uani kwa mjomba, watoto wamezunguka. Sumaku ilishika. Ila ilishika upande mmoja kwa nguvu na upande mwingine kwa kusitasita, nikaliandika na kupita. Nikachukua kipande cha marumaru, mgongo wake ule usiong'aa, nikasugua jiwe: halikuacha rangi. Hii ni nzuri kwa kimondo, maana mawe mengi mazito meusi yanayowadanganya watu ni yale ya madini ya chuma, ya aina moja yanaacha mstari mwekundu kama damu iliyokauka, ya aina nyingine yanaacha mweusi. La kwetu, hakuna kitu. Vijana wakashangilia.

Halafu uzito. Jirani anauza dagaa, ana mizani ile ya kidijitali ya kuning'iniza, akatuazima kwa masharti isidondoke kwenye maji. Hewani kilo 3.84. Nikalifunga kwenye nailoni ili chumvi isiyeyuke (bado nilikuwa namtii dalali, fikiria), nikalizamisha kwenye ndoo likiwa limening'inia kwenye mizani bila kugusa chini: 2.61. Ukichukua uzito wa hewani ukagawa kwa uzito uliopotea majini unapata ni mara ngapi ni zito kuliko maji, na hapo ni 3.84 kugawa 1.23, inakuja 3.12. Mawe ya kawaida ya milimani kwetu, ya graniti na yale meupe, ni kama 2.6 au 2.7. Vimondo vya mawe vya kawaida vinaanzia 3.2 hivi mpaka 3.7. Vile vya chuma ni 7 kwenda 8. Kwa hiyo sio cha chuma, lakini kimekaribia mlango wa vile vya mawe kabisa, na nikijua nailoni imefunga hewa ndani na chumvi yenyewe ni nyepesi, 2.16 tu, basi jiwe halisi lazima liwe juu zaidi ya hapo. Nikayasema haya kwa sauti. Hilo lilikuwa kosa, maana kijana alienda kuwaambia wenzake profesa kathibitisha.

Usiku sikulala vizuri. Sikufikiria hela, jamani, au sawa, nilifikiria hela kidogo. Kimondo cha mawe cha kawaida kinauzwa hata chini ya dola moja kwa gramu, kwa hiyo hata kingekuwa chenyewe tusingejenga ghorofa, ila kingelipa kikoba na kubaki. Nilichokuwa nawaza ni ile chumvi. Imeingia ndani ya jiwe au imekaa juu tu? Kama imeingia, imeingia kupitia wapi?

Asubuhi nikaamua kuliosha. Nikaweka kwenye beseni la maji baridi, nikabadilisha maji mara nne, na jiwe likaanza kuvua nguo. Pale palipokuwa laini na peupe pakawa vitundu. Vingi. Vidogo kama vichwa vya pini, vingine kama punje ya maharage, vya duara, kuta zake zinang'aa kama kioo cha chupa. Chumvi ilikuwa imevijaza vyote ikavisawazisha kama fundi anavyopiga skimu ukuta. Baada ya siku mbili juani nikalipima tena, 3.69 hewani, 2.57 majini, yaani lilikuwa limebeba gramu 150 za chumvi. Uzito wake kwa maji ukawa 3.29, ndani kabisa ya kundi la vimondo. Kipimo kimefaulu zaidi na jiwe limefeli zaidi, kwa wakati mmoja.

Maana vitundu vya namna ile ni mapovu ya gesi. Jiwe lilikuwa uji wa moto, gesi ikawa inatoka, likaganda kabla mapovu hayajaisha. Volkano inafanya hivyo na tanuru linafanya hivyo. Kimondo cha mawe kinaungua ngozi tu, ndani hakiyeyuki, kinashuka sekunde chache na moto haupati muda wa kuingia, ndio maana hata kikigusa ardhi hakichomi nyasi. Mapovu kwenye vimondo ni nadra sana, na sio mapovu yaliyojaa jiwe zima kama mkate wa boflo.

Kijana hakukubali. Na alinipa hoja nzuri kuliko zangu, nampa heshima yake. Alisema, "Ticha, na kama chumvi imetoka nayo hukohuko juu?" Nilitaka kucheka halafu nikakumbuka kwamba imewahi kutokea kweli. Mwaka 1998, mwezi wa tatu, kimondo kiliangukia Monahans, Texas, wavulana walikuwa wanacheza mpira wa kikapu kikadondoka karibu yao, kikafikishwa maabara kabla ya siku tatu hazijaisha, na walipokivunja wakakuta ndani fuwele za chumvi, chumvi hii hii ya mezani, rangi ya zambarau kwa sababu ya mionzi, na ndani ya fuwele kuna matone ya maji. Chumvi ya umri wa jua letu. Cha Zag, Moroko, mwaka huohuo, kikakutwa nayo pia. Kwa hiyo chumvi ndani ya jiwe peke yake haisemi ndiyo wala hapana. Ila ya Monahans ilikuwa fuwele zilizojificha katikati ya jiwe lisilo na tundu, ya kwetu ilikuwa imeingia kupitia mlangoni ikatoka kupitia mlangoni kwa beseni nne za maji.

Tukabaki na kazi moja, kulifungua. Sikutaka grainda, inachoma na kuchafua, nikachukua tupa na msasa wa maji nikakaa chini ya mwembe masaa mawili nikisugua kona moja mpaka nikapata dirisha la ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Kwenye kimondo cha mawe cha kawaida ungeona punje za chuma zinazometameta zimetawanyika kila mahali, na ukibahatika unaona vitufe vidogo vya mviringo, hivyo ndivyo watu wa fani wanavitambulia. Sisi tuliona kioo cheusi, mapovu, na upande ule sumaku ilipokuwa inang'ang'ania kuna bonge moja la chuma lenye kutu, kama ukubwa wa korosho, peke yake. Na pembeni yake kipande cha mkaa. Mkaa wa mti kabisa, unaona mistari ya nyuzi za mbao, umegandishwa ndani ya kioo kama nzi kwenye asali.

Angani hakuna anayechoma mkaa.

Wakati nasugua alikuwa amekuja mzee mmoja wa pale mtaani, jirani wa mjomba, kakaa kwenye kigoda anatazama bila kusema kitu kwa muda mrefu tu. Nilipomwonyesha ule mkaa akalichukua jiwe, akaligeuza mara moja, akarudisha. "Haya si mavi ya chuma? Kule juu yako mengi, sisi utotoni tulikuwa tunarushia nyani." Watoto walivyosikia neno mavi unaweza kufikiria kilichofuata, kijana wa watu kalala na mavi chini ya kitanda siku zote hizo.

Nikamuuliza mzee mbona hukusema toka juzi. Akasema hakuna aliyemuuliza, aliambiwa tu ni siri.

Mavi ya chuma ni taka ya tanuru la kufulia chuma. Wazee wa huku magharibi, Buha mpaka Unyamwezi, walikuwa wanayeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, udongo na mchanga uliomo kwenye mawe unageuka uji mweusi unaganda pembeni, chuma kinabaki kinafuliwa majembe. Ile taka ina chuma bado, ndio maana ni nzito, ndio maana sumaku inaishika hapa na pale. Ni kioo, ndio maana haiachi mstari kwenye marumaru. Na ile mibonyeo ya dole gumba iliyonidundisha moyo ni uji ulivyojikunja ukiwa unapoa. Vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi na vyote vilikuwa vinajibu swali ambalo sikuuliza: je, hiki kitu ni kizito, kina chuma, na sio jiwe la chuma la kawaida? Ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Vipimo vya nyumbani vina kazi ya kukataa tu, jiwe likipita vyote maana yake bado halijakataliwa, lakini kichwa kinachotaka kimondo kinasoma "limekubaliwa".

Likabaki swali la jaruba. Mjomba akakumbuka mwenyewe, tena kwa aibu kidogo: msimu wa mvua wa mwaka juzi kingo za jaruba lile zilibomoka, wakaleta tipa tatu za kifusi kutoka kwenye mteremko wa kule juu wakajengea upya. Mvua iliyofuata ikalamba kingo, mawe yakateremka, mengine waliyatoa kwa chepe, hili likabaki chini ya maji ya chumvi miezi kadhaa likivaa nguo nyeupe mpaka maji yalipokauka. Swali la dakika moja. Ningemuuliza siku ya kwanza, kabla ya kutoa sumaku, "hizi kingo mlijengea udongo wa wapi", tusingeazima mizani ya dagaa.

Tulipanda kule juu, mimi, kijana na mzee. Mavi ya chuma yametapakaa kweli, na katikati yake tukakuta vipande vya bomba la udongo uliochomwa, mdomo mmoja umeyeyuka ukawa kioo, hivyo ndivyo vilikuwa vinapitisha upepo wa mivukuto kuingia tanuruni. Nikawaomba wasichimbe wala wasibebe, na wakiagiza kifusi tena wachukue kwingine. Nilipiga picha nikazipeleka kwa afisa utamaduni wa wilaya, akazipokea vizuri. Kijana alitembea pale juu kimya muda wote, halafu akaokota kipande cha bomba akakitazama sana, akakirudisha palepale alipokitoa.

Kuna kosa langu moja ambalo hakuna aliyeliona pale isipokuwa mimi, na linanikera kuliko mengine. Kuliosha. Dalali alikataza kwa sababu za kitapeli, lakini kwa bahati katazo lenyewe lilikuwa sahihi. Tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia kimondo Ivuna, huko karibu na ziwa Rukwa, na Ivuna nako, hebu ona, ni sehemu ya chemchemi za chumvi ambako wazee walichemsha chumvi karne nyingi kama Uvinza. Zikaokotwa gramu 705 hivi tu. Ni jiwe jeusi laini kama udongo mkavu, na muundo wake, ukiziacha gesi pembeni, unafanana na wa jua lenyewe, mpaka kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa jina la Ivuna, kijiji chetu, na Wajapani walipoleta duniani mchanga wa Ryugu, asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, mwaka 2020 kitu walichoufananisha nacho ni mawe ya kundi hilo la Ivuna. Sasa mawe ya kundi hilo ukiyatia kwenye maji yanasambaratika. Cha Orgueil cha Ufaransa, ndugu yake, watu waliona hivyo tangu karne ya 19. Kwa hiyo kama lile la kwetu lingekuwa la aina ile, profesa angekuwa amepata beseni la tope na chumvi. Ilitakiwa nimegue kipande kidogo kama kucha, nioshe hicho, kingine kibaki kikavu kwenye karatasi ya foili kwa ajili ya wajiolojia wa Dodoma. Sumaku kali nayo nisingeigusisha, inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo watafiti wanaitafuta ndani ya jiwe, ungetosha uzi na kipande kidogo cha sumaku dhaifu kikaning'inizwa karibu. Kujitetea kwamba bahati nzuri lilikuwa mavi ni kujitetea kwa mtu aliyevuka reli bila kutazama.

Laki moja haikurudi. Nilimpigia dalali mwenyewe nikamtumia picha ya dirisha, mapovu na mkaa vinaonekana vizuri. Akakaa kimya kama nusu saa halafu akajibu kwamba hicho sasa ni kimondo cha gesi, ni adimu zaidi, cheti chake ni laki tano. Kijana alikuwa amesimama pembeni yangu anasoma. Akachukua simu yake akafuta namba, kikoba wameelewana alipe kidogokidogo mpaka Desemba.

Jiwe walinipa mimi. Liko kwenye rafu ya maabara kati ya mizani na chupa za salfeti ya kopa, wanafunzi wa kidato cha tatu wanalizamisha kwenye ndoo kujifunza kanuni ya Archimedes, na kila nikilifuta na kulianika likawa jeusi safi, baada ya wiki mbili naikuta chumvi imeota tena kwenye vitundu, nyeupe, laini kama ukungu kwenye mkate.